Pes, Pedis

Kitunda cha nne kutoka kushoto ni kisigino
cha kiatu cha mwanamke ambaye hakurudi kukichukua.
Cha sita ni kizibo cha soda kilichojazwa nta.
Vilivyobaki Malegesi alivichonga kwa mpira wa tairi,
kwa kisu kilekile cha kukatia soli,
chini ya jiwe la Mabatini lililoinamia kibanda chake
kama mtu anayechungulia sataranji asiyo na dau ndani yake.

Nilikuwa nikipita na sare ya shule, soli zimelika upande.
Alitazama miguu kwanza, uso baadaye.
"Pes," alisema, misumari midomoni,
nikadhani ananidai pesa.

"Siyo pesa. Pes. Mguu, kwa Kilatini.
Ukisema wa mguu, ni pedis.
Umeiona hiyo d? Ilikuwa imejificha.
Haitoki mpaka mguu uwe na kitu chake."
Akainua kisigino cha yule mwanamke:
"Na huyu ni pedo, mwenye unyayo bapa.
Walimcheka hivyo kwanza,
mkuki wakampa baadaye."

Asubuhi kwa asubuhi, kabla ya kengele:
hatua mbili mwanzoni ukitaka, kisha moja, moja.
Kutembea, mbele. Kula, upande.
Kurudi, hakuna.
Nyundo yake ikigonga katikati ya maneno.
Hata mashairi yao yalikuwa na miguu, aliniambia;
sisi tunapima mizani, wao walikanyaga.

Impedire, kufunga miguu.
Expedire, kuifungua.
Impedimenta, mizigo ya jeshi, yote inayochelewesha:
masufuria, mahema, magunia.
Makuli wa Mwaloni walipopita wamelala chini ya dagaa
aliwaamkia kwa sauti, "Impedimenta!"
nao wakamjibu, "Salama, fundi."

Siku moja mvua ilitufungia kibandani.
Ziwa halikuonekana, Bugando haikuonekana,
maji ya kahawia yakishuka ngazi yakibeba ndala ya mtoto.
Akasogeza kizibo cha soda hadi mraba wa saba, akakiacha.

"Seminarini nilifika hapa. Ulibaki mmoja.
Fundi cherehani alishanipima mabega.
Ikaja barua kutoka Nansio:
miguu ya mama imevimba, haiingii kiatu chochote.
Kitunda hakirudi nyuma, Kabula.
Mimi nilirudi."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo:
makubazi mawili ya tairi la lori, mapana kama makasia,
mikanda yake mirefu ya kuongezwa na kupunguzwa
kadiri uvimbe ulivyopanda na kushuka.
Mama aliyavaa miaka tisa.
Akaenda nayo kisimani, sokoni, kanisani,
kila Jumapili akipita mbele ya padri
ambaye hakuwa mwanawe.

Kanuni ya mraba wa nane hakunifundisha.
Niliisoma mwenyewe, baadaye, kitabuni:
kitunda kikifika huko hugeuka,
malkia, farasi, ngome, chochote ila mfalme.
Na jambo moja kinakatazwa kabisa,
kubaki kitunda.

Nina kiti kinachozunguka sasa, na dirisha la ziwani.
Juzi nilimpelekea viatu ambavyo havikuwa na kosa.
Aliving'ang'ania juani, akavikunja, akavinusa karibu,
akavipindua kama daktari asiyetaka kusema.
"Hivi havijachoka," akasema hatimaye.
"Umekuwa ukikaa."

Sikuwa na jibu. Nilimwachia.
Nikapanda ngazi za mawe peku, ofisi nzima ya mwili wangu ikilalamika,
jiwe bado lina moto wa saa tisa,
na katika kila kipandio unyayo, ule bapa,
ukitafuta herufi yake.